Kufuatilia miasthenia gravisi ukiwa nyumbani: daftari, saa na simu

Kliniki nyingi za neva huwa asubuhi. Mgonjwa wa miasthenia gravisi, ugonjwa wa misuli kulegea ambao kwenye faili huandikwa MG tu, amemeza kidonge alfajiri, ameketi kwenye matatu kutoka Bungoma au Siaya bila kazi ya kumchosha, na anapoingia kwa daktari kope ziko juu, sauti ni safi na mikono ina nguvu. Jioni ya siku iyo hiyo anaacha nusu ya ugali kwenye sahani kwa sababu taya limekataa kufanya kazi. Daktari hakuiona jioni hiyo, ilhali ndiyo inayoonyesha kama dawa inatosha.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na mtu anayemtunza, hasa walio mbali na hospitali kubwa za Kisumu, Eldoret au Nakuru, wanaomwona daktari wa neva mara moja kwa miezi kadhaa. Unahusu MG ya watu wazima.

Kwanza elewa kwa nini ugonjwa huu hupimwa kwa namna yake. Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoziba na kuharibu vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayobeba amri ya neva, pale neva inapokutana na msuli. Msuli unapoanza kazi hupokea amri vizuri, lakini kadiri amri zinavyorudiwa ndivyo zinavyofika pungufu, hadi msuli unalegea. Ukipumzika, nguvu hurudi. Ndiyo maana mtu huyo huyo anaweza kubeba ndoo ya maji saa moja asubuhi na kushindwa kushika kitana saa moja usiku, na ndiyo maana wagonjwa wengi hushutumiwa uvivu nyumbani na kazini kabla ya ugonjwa kujulikana. Ni shutuma isiyo ya haki, na daftari lililojazwa vizuri huifuta haraka kuliko maneno.

Kwa hiyo namba yoyote utakayoandika lazima ifuatane na mambo mawili: saa uliyopima, na muda uliopita tangu kidonge cha mwisho. Bila hayo mawili, daktari hawezi kujua kama anaangalia ugonjwa au anaangalia dawa iliyokwisha nguvu.

Vifaa

Daftari la shule la kurasa 96 linatosha. La hesabu, lenye miraba, ni bora zaidi kwa sababu utachora grafu ndani yake. Kalamu ifungwe na uzi kwenye daftari, la sivyo watoto wataichukua. Saa yenye mshale wa sekunde au simu yoyote yenye kipima muda. Kabambe nyingi, zile simu ndogo za vitufe, zinacho. Kiti kimoja kigumu kisicho na mikono, na kiwe kile kile kila wiki. Ukiwa na simu yenye kamera nzuri, hiyo ni nyongeza yenye faida, si sharti.

Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni watu hukinunua kwanza, na kwa MG ndicho kinachodanganya zaidi. Katika ugonjwa huu mapafu yenyewe huwa mazima. Kinachochoka ni misuli ya mbavu na kiwambo kinachovuta hewa. Oksijeni hushuka mwishoni kabisa, wakati mgonjwa ameshafika ukingoni. Kinaweza kuonyesha 95 kwa mtu anayehitaji mashine ya kupumulia usiku huo huo. Kama unacho, kitumie, lakini kikisoma vizuri kisikufanye ubaki nyumbani ikiwa pumzi yenyewe inapungua. Tena husoma vibaya kwenye kidole chenye hina, piko au rangi ya kucha, na kwenye vidole baridi vya asubuhi ya Nakuru, mji ulio juu ya mita 1,800.

Kurasa za daftari

Kila siku ipewe mstari mmoja wa asubuhi na mmoja wa jioni. Safu ziwe hizi: tarehe, saa, saa ya kidonge cha mwisho, pumzi kwa sekunde, kope na macho, kumeza, tumbo, mengineyo.

Saa iandikwe kwa tarakimu nne jinsi simu inavyoonyesha: 07:00, 13:00, 19:30. Hapa ndipo madaftari mengi yanapoharibika. Mgonjwa akiandika "dawa saa 1" akimaanisha asubuhi, muuguzi anayeingiza taarifa kwenye kompyuta ataweka 1:00, yaani saa saba mchana, na ratiba yote ya dawa itaonekana imepotoka kwa saa sita. Tarehe nayo ianze na siku, kisha mwezi.

Pima asubuhi kabla ya kidonge cha kwanza, na jioni kabla ya kidonge cha jioni, saa zile zile kila siku. Kidonge cha piridostigmini, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Mestinon, huanza kufanya kazi dakika 30 hadi 45 baada ya kumezwa na nguvu yake hudumu takriban saa 3 hadi 4. Ukipima leo nusu saa kabla ya dawa na kesho saa moja baada yake, utaona ugonjwa unapanda na kushuka kumbe ni dawa tu. Mara moja kwa wiki, siku ya kipimo kirefu (chenye mkono na shingo, hapa chini), ongeza mstari wa tatu saa moja baada ya kidonge. Tofauti kati ya mstari huo na ule wa kabla ya dawa humwambia daktari kidonge kinakusaidia kiasi gani.

Wiki mbili za kwanza ni za kupata msingi wako. Usiogope namba za wiki hizo wala usizilinganishe na za mgonjwa mwenzako. Baada ya hapo, kila kipimo kitalinganishwa na msingi huo.

Kipimo cha pumzi

Hiki hufanywa kila siku na ndicho kinachookoa maisha, kwa hiyo kifanywe vizuri.

1. Keti wima dakika 10 bila kuongea sana. Usipime mara tu baada ya kupanda kilima au kula.
2. Vuta hewa hadi kifua kijae kabisa, mpaka usiweze kuongeza.
3. Anza kuhesabu kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo, namba mbili kila sekunde. Hesabu moja hadi kumi, kisha rudi kwenye moja. Msaidizi anakunja kidole kimoja kwa kila kumi.
4. Ukihitaji kuvuta hewa, acha. Kuiba pumzi katikati hakumsaidii mtu.
5. Msaidizi anaandika sekunde. Pumzika dakika moja, rudia. Fanya mara tatu, andika iliyo bora.

Kurudi kwenye moja baada ya kumi si jambo dogo. Moja hadi kumi ni maneno mafupi yanayotoshana, lakini "ishirini na tisa" ina silabi saba. Anayeendelea moja kwa moja atapunguza mwendo kuanzia kumi na moja, atamaliza hewa akiwa kwenye namba ndogo, na hospitali ikilinganisha na viwango vyake itadhani ana hali mbaya kuliko ilivyo. Ukipenda kuhesabu kwa Kiluo, Kiluhya au Kikalenjin ni sawa, mradi uwe ule ule kila siku na kinachoandikwa kiwe sekunde. Ili kuzoea mwendo, weka programu ya kupiga mdundo kwenye simu, mapigo 120 kwa dakika; kwenye saa ya mshale, sema namba mbili kila mshale unaporuka.

Mtu mzima mwenye afya hufika karibu 50, yaani sekunde 25 hivi. Mgonjwa wa MG aliyetulia anaweza kuwa na msingi wa sekunde 18 na akaishi vizuri. Kinachoangaliwa ni kushuka. Chini ya sekunde 10, yaani chini ya 20 kwa kuhesabu, ni hatari kwa mtu yeyote.

Wakati mwingine mgonjwa husimama si kwa sababu hewa imekwisha bali kwa sababu ulimi umekuwa mzito au sauti imeingia puani. Hapo andika "ulimi" kando ya namba. Ni dalili nyingine kabisa, na daktari atataka kuzitenganisha.

Macho

Kila Jumatano na Jumapili jioni, keti ukitazama dirisha ili mwanga ukupige usoni. Msaidizi anapiga picha ya kwanza ukitazama mbele, simu ikiwa usawa wa macho, umbali wa nusu mita. Kisha tazama juu bila kuinua kichwa, kwenye alama mliyoiweka ukutani, kwa sekunde 60. Msaidizi anaandika sekunde ambayo kope ilianza kushuka, au ambayo uliona alama imekuwa mbili. Papo hapo, kabla hujapumzika, picha ya pili. Zima kabisa ile hali ya simu ya kulainisha uso. Hunyanyua kope na kufuta kile hasa kinachotafutwa.

Ukiona vitu viwili viwili, funika jicho moja kwa kiganja. Kitu cha pili kikitoweka, macho yanashindwa kwenda pamoja, jambo ambalo MG hufanya. Kikibaki hata jicho moja likiwa limefunikwa, shida iko ndani ya jicho lenyewe na unahitaji kliniki ya macho. Andika lipi kati ya hayo mawili limetokea.

Mkono na shingo, mara moja kwa wiki

Baada ya pumzi na macho, nyoosha mkono mmoja mbele usawa wa bega, kiganja kikitazama chini, ukiwa umeketi. Uwe mkono ule ule kila wiki. Simamisha saa mkono unapoanza kushuka, au zikifika sekunde 240. Hospitalini, anayefika 240 huhesabiwa hana udhaifu hapo. Kati ya 90 na 239 ni kidogo. 10 hadi 89 ni wa kati. Chini ya 10 ni mkubwa.

Shingo: lala chali kwenye godoro bila mto, inua kichwa, hesabu sekunde hadi kirudi. Mwisho ni 120. Usiidharau shingo kwa sababu haiumi. Misuli yake na ya kupumua mara nyingi hulegea pamoja, na mgonjwa anayeanza kushika kidevu kwa mkono akitazama televisheni anapaswa kupimwa pumzi muda huo huo.

Fuata mpangilio huo: pumzi, macho, mkono, shingo. Ukianza na mkono utaifikia pumzi ukiwa umechoka. Usirudie vipimo vya mkono na shingo siku hiyo hiyo ili "kupata namba nzuri". Kila jaribio linapunguza lijalo, na hivyo ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Siku ya homa au ya udhaifu mkubwa, pima pumzi tu, mengine acha.

Maswali manane ya Jumapili

Madaktari wa MG duniani kote hutumia kipimo kiitwacho MG-ADL, kilichochapishwa mwaka 1999. Ni maswali manane kuhusu wiki iliyopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 24. Hakihitaji kifaa wala mtaalamu, ndiyo maana kinafaa kutumwa kwa simu. Alama 0 ni hali ya kawaida; nyingine ziweke hivi:

- Usemi: 1 ukilegea au kuingia puani mara moja moja, 2 ukiwa hivyo daima lakini unaeleweka, 3 ukiwa vigumu kueleweka.
- Kutafuna: 1 ukichoka kwa chakula kigumu kama nyama, githeri au mahindi ya kuchoma, 2 ukichoka hata kwa viazi vilivyopondwa au ndizi laini, 3 ukilishwa kwa mrija.
- Kumeza: 1 ukipaliwa kwa nadra, 2 ukipaliwa mara kwa mara hadi umebadilisha chakula, 3 mrija.
- Kupumua: 1 pumzi ikikatika ukifanya kazi, 2 ikikatika hata umetulia, 3 ukitegemea mashine.
- Kupiga mswaki au kuchana nywele: 1 kwa bidii ya ziada, 2 ukilazimika kupumzika katikati, 3 ukishindwa moja kati ya hayo.
- Kuinuka kitini: 1 ukitumia mikono wakati mwingine, 2 kila wakati, 3 ukiinuliwa na mtu.
- Kuona viwili: 1 hutokea lakini si kila siku, 2 kila siku lakini si wakati wote, 3 wakati wote.
- Kope kushuka: vivyo hivyo, 1, 2 au 3.

Swali la kutafuna hujibiwa vibaya kuliko yote. Mtu aliyeacha nyama miezi mitatu iliyopita na sasa anakula ugali na omena hujibu 0, kwa kuwa "siku hizi sipati shida". Hapati shida kwa sababu aliikwepa. Jiulize ungepewa kipande cha nyama ya ng'ombe ungekimaliza, na kama taya lingechoka nusu ya sahani. Vivyo hivyo kwa nywele: aliyenyoa au kusuka ili asichane ajibu kwa mswaki.

Jumla ikipanda kwa alama 2 au zaidi, hayo ni mabadiliko ya kweli na daktari anapaswa kujua. Alama moja peke yake inaweza kuwa wiki mbaya tu. Iandike, ngoja wiki ijayo. Lakini alama moja iliyoongezeka kwenye kupumua au kumeza haingoji Jumapili nyingine.

Dawa, na safu ya tumbo

Andika kila kidonge saa uliyokimeza, si saa uliyopaswa kukimeza. Kidonge kilichokosekana kiandikwe "sikumeza", na sababu: kilikwisha, nilisahau, tumbo.

Safu ya tumbo ipo kwa sababu piridostigmini ikizidi nayo huleta udhaifu. Kukatwa na tumbo, kuharisha, mate kujaa mdomoni, jasho jingi na misuli kurukaruka chini ya ngozi, hasa saa moja hivi baada ya kidonge, ni dalili kuwa kiasi kinaweza kuwa kimepita. Mgonjwa asiyeandika haya huona udhaifu, anaongeza kidonge, na hali inazidi. Usiongeze wala kupunguza bila kuongea na daktari wako, hata kama umewahi kufanya hivyo na ukapata nafuu.

Ukianzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, hasa kwa kiasi kikubwa, fahamu kuwa udhaifu unaweza kuongezeka ndani ya wiki mbili za kwanza kabla ya nafuu kuja. Siku hizo usiruke kipimo cha pumzi hata kimoja. Pima uzito na presha kila wiki kwenye zahanati iliyo karibu, na sukari ipimwe kliniki. Dawa hiyo haiachwi ghafla. Azathioprini, nayo ya kutuliza kinga, ina subira yake: huchukua miezi mingi kuonyesha kazi, na bila grafu wengi huiacha wakidhani haisaidii.

Kila Jumapili hesabu vidonge vilivyobaki. Anayemeza 4 kwa siku hutumia 28 kwa wiki. Vikibaki 40, hizo ni siku 10, anza kutafuta. Si kila duka la dawa huweka piridostigmini, na wikendi mbili bila dawa ni hatari kubwa.

Homa, malaria na duka la dawa

Maambukizi ndiyo huwaangusha wagonjwa wengi wa MG: kifua, mkojo, na huku ukanda wa ziwa, malaria. Siku yoyote yenye homa, andika joto la mwili, pima malaria siku hiyo hiyo, na uanze kupima pumzi kila saa nne ukiwa macho.

Hatari iliyo kubwa sawa na homa ni dawa yake. Kwinini hairuhusiwi kwa mgonjwa wa MG, na klorokwini pia huweza kuzidisha ugonjwa. Dawa ya kawaida ya malaria nchini Kenya ni artemetha pamoja na lumefantrini, na malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunati. Bado, mwambie mhudumu una MG kabla hajaandika chochote. Kuna pia antibayotiki ambazo huuzwa kirahisi kaunta kwa ajili ya "taifodi" na kikohozi: siprofloksasini, azithromaisini, na sindano ya gentamaisini. Zote zinaweza kumlegeza mgonjwa wa MG hadi pumzi ikakatika. Propranololi ya presha na matone ya macho ya timololi nayo yamo. Mama mjamzito mwenye MG aiambie kliniki mapema, kwa sababu dawa ya magnesi inayotumika kwa kifafa cha mimba ni hatari kwake na mpango mwingine unatakiwa uwepo kabla ya siku ya kujifungua.

Kwenye pakiti majina haya huandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Mwombe daktari ayaandike kwa mkono wake kwenye kadi ngumu, pamoja na jina la ugonjwa na dawa unazotumia. Kadi moja iwe pamoja na kitambulisho chako, nyingine imebandikwa kwenye jalada la daftari. Unapougua hadi huwezi kuongea, kadi ndiyo itakayoongea.

Kutuma taarifa

Daftari huandikwa kwanza, simu baadaye. Bundle zikiisha, mtandao ukipotea Mlima Elgon, au betri ikifa siku ya stima kupotea, kumbukumbu ipo.

Ujumbe wa Jumapili usizidi herufi 160, ili hata kabambe iutume kama SMS moja na usikatike. Mpangilio uwe mmoja daima:

MA 16/03. JUMLA 7: usemi1 tafuna2 meza1 pumzi0 mikono1 kuinuka1 macho1 kope0. HEWA sek 14, wiki jana 15. DAWA 60x4 kosa 1. TUMBO sawa. HOMA hapana

Hapo 60x4 ni kidonge cha miligramu 60 mara nne kwa siku, na kosa 1 ni kidonge kimoja kilichokosekana. Tumia herufi mbili mlizokubaliana na kliniki badala ya jina lako. Tarakimu za maswali zijumlishwe mara mbili kabla ya kutuma. Jumla isiyolingana na vipande vyake humlazimu muuguzi kupiga simu, na simu isipopokelewa ujumbe hubaki bila kazi.

Picha za macho zitume WhatsApp kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huzibana na kingo za kope hupotea. Video ya usemi iwe ukihesabu moja hadi hamsini kwa mwendo wa kawaida. Msaidizi aseme tarehe na saa mwanzoni. Hapa hesabu moja kwa moja bila kurudi nyuma na uvute pumzi upendavyo, kwa maana kinachosikilizwa ni namba ambayo maneno yanaanza kuteleza.

Mkubaliane na kliniki mambo matatu, na yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: namba ipi ya kutumia, nani anasoma, na siku gani anasoma. Ujumbe wa Jumamosi usiku unaweza kusomwa Jumatatu. Usidhani alama mbili za buluu zinamaanisha daktari ameamua jambo. Usitume kwenye kikundi cha ukoo wala cha wagonjwa. Taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya uso ikishatoka hairudi.

Usipotakiwa kutuma chochote

Ondoka nyumbani, usiandike ujumbe, ikiwa:

- pumzi iko chini ya sekunde 10, au imeshuka kwa theluthi moja ya msingi wako ndani ya siku moja au mbili (kwa mfano kutoka 18 hadi 12);
- huwezi kulala chali kwa sababu unakosa hewa;
- mate yanakushinda kumeza, au kikohozi hakina nguvu ya kutoa makohozi;
- kichwa hakikai wima bila mkono;
- sauti inafifia ndani ya sentensi moja.

Elekea hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kupumulia, si zahanati. Chagua hospitali hiyo sasa, ukiwa mzima, na uandike namba yake, ya gari la wagonjwa na ya jirani mwenye gari. Boda boda haifai. Mgonjwa aliyelegea shingo hawezi kujishikilia. Safirini akiwa ameketi nusu wima. Asipewe chakula wala dawa ya kumeza ikiwa mate yenyewe hayamezeki. Mkifika, msaidizi aseme maneno haya mlangoni: "Ana miasthenia gravisi, misuli ya kupumua inachoka", kisha aonyeshe kadi na ukurasa wa pumzi. Akiwekewa oksijeni na namba ya kidoleni ikapanda, msitulie; oksijeni haifanyi kazi ya misuli, na anayechoka huendelea kuchoka chini ya barakoa.

Mahali daftari huharibika

Kujaza wiki nne kwa mpigo usiku wa kuamkia kliniki. Huonekana mara moja: kalamu moja, mwandiko mmoja, namba zinazofanana. Siku uliyokosa iache wazi. Nafasi tupu ni taarifa ya kweli, namba ya kubuni inaweza kuongeza dawa isiyohitajika.

Kubadilisha msaidizi bila kuandika. Mtoto wa shule huhesabu haraka kuliko mama mzee, na kijana anayependa kumtia moyo baba yake huongeza sekunde. Weka herufi ya aliyepima.

Kusahau mahali. Joto huzidisha udhaifu wa MG, na mchana wa Kisumu si sawa na wa Molo. Ukisafiri, andika mji. Hedhi pia iandikwe, kwa kuwa baadhi ya wanawake hulegea siku za kuikaribia, na msongo, usiku wa matanga na kazi ya shamba vivyo hivyo.

Siku ya kliniki

Jumapili kabla ya safari, chora grafu kwenye ukurasa wenye miraba: wiki zikienda kulia, jumla ya maswali manane ikipanda juu, mraba mmoja kwa alama moja. Weka mshale kila mahali dawa ilipobadilishwa na herufi H palipokuwa na homa. Chini yake chora mstari wa pumzi za jioni. Daktari mwenye dakika kumi ataelewa ukurasa huo haraka kuliko daftari zima.

Asubuhi hiyo usiache dawa ili "aone ugonjwa ulivyo", labda awe amekuagiza mwenyewe. Kabla hujainuka kitini, mwombe aandike kwenye daftari kiasi kipya cha dawa na saa zake, sekunde za pumzi ambazo zikishuka unapaswa kwenda hospitali bila kungoja, na tarehe ya kurudi.